Karatasi Imetimia

Masika yaliyopita, siku ambayo mtaro wa mtaani kwetu ulifurika hadi barazani, mpwa wangu alikuja na laptopu yake ameifunga kwenye kanga ya mama yake isilowe. "Mjomba," akasema huku akivua viatu, "leo nimekuletea kiwanda." Anajua kwamba ujana wangu niliuacha kiwandani. Anajua pia kwamba sipendi kuzungumzia habari hizo.

Filamu yenyewe ni ya mwaka 1957, ya Waingereza, nyeusi na nyeupe, inaitwa Quatermass 2. Nilijua nitasinzia. Wanaume wenye makoti marefu wanashuka kwenye magari meusi, wanavuta sigara, wanazungumza kama wasoma taarifa ya habari. Lakini muda si mrefu nilikuwa nimekaa wima, na chai yangu imepoa.

Profesa Quatermass ni bingwa wa roketi. Ndoto yake ni kuwapeleka watu mwezini wakaishi huko, na ameshachora makuba makubwa ambayo ndani yake binadamu ataweza kupumua. Serikali inamnyima fedha. Anarudi ofisini amenuna, na hapo vijana wake wanamwonyesha kwenye rada vitu vinavyodondoka kutoka angani, vingi, vyote upande mmoja. Anakwenda kutazama. Kijiji cha Winnerden Flats kimesawazishwa, hakuna nyumba iliyobaki. Mahali pake pamesimama kiwanda cha mabomba na matangi hadi macho yanapoishia, na katikati ya mabomba yale yapo makuba yake, yaleyale aliyoyachora yeye. Kuna mtu amejenga ndoto yake bila kumwambia.

Anaelezwa kwamba ni mradi wa serikali wa kutengeneza chakula bandia, na kwamba ni siri. Walinzi wana bunduki na vinyago. Yale mawe yanayodondoka ni matupu ndani. Ukiokota moja hupasuka, hutoa gesi, na gesi humwachia mtu alama ndogo usoni au mkononi. Kuanzia hapo mtu huyo si wake tena. Sura haibadiliki, sauti haibadiliki, cheo hakibadiliki. Anaendesha gari, anatia saini, anapiga simu, ila anayefikiri ndani yake ni mwingine. Na ndani ya makuba hamna chakula cha binadamu. Mmejazwa hewa ya huko wageni walikotoka, yenye amonia, kwa kuwa oksijeni yetu kwao ni sumu. Profesa alitaka kujenga kipande cha dunia mwezini. Wao wamejenga kipande cha kwao hapa duniani, kwa mchoro uleule.

Aliyetunga kisa hiki ni Nigel Kneale, aliyekulia katika kisiwa cha Man. Kabla ya kuwa filamu kilikuwa tamthilia ya televisheni ya BBC, sehemu sita, kila Jumamosi usiku kuanzia tarehe 22 Oktoba hadi 26 Novemba 1955. Waingereza wa wakati ule walikuwa wametoka kwenye mgawo wa chakula Julai 1954 tu, baada ya miaka 14 ya kupanga foleni na kuponi mkononi. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba kuna kiwanda kinachopika chakula kipya cha kushibisha taifa zima, hakuulizi maswali mengi. Anakuuliza kitaanza kuuzwa lini. Kneale alijua pa kutega.

Ilikuwa pia nchi ya seng'enge, ya maabara za bomu na mabango ya kukataza watu wasipite. Mwaka uleule ilipotoka filamu, mwezi Oktoba, mtambo wa nyuklia wa Windscale, kaskazini magharibi mwa Uingereza, ulishika moto. Maziwa ya mashamba yaliyo katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 500 yalimwagwa. Ripoti kamili ya uchunguzi ilifungiwa kabatini, na wananchi hawakuisoma hadi 1988. Windscale hakukuwa na kiumbe wa angani hata mmoja. Kulikuwa na makabati, na makarani wa kuyafunga.

Nami nilikuwa karani.

Sehemu za kiwandani za filamu zilipigwa Shell Haven, kiwanda halisi cha kusafisha mafuta huko Essex, kando ya mto Thames. Kiwanda cha aina hiyo huendeshwa na watu wachache waliojifungia kwenye vyumba vya mitambo, kwa hiyo ukisimama nje na kamera huoni mtu. Unaona mabomba na mvuke. Hawakuhitaji kujenga cha kutisha. Walihitaji kibali cha kuingia getini tu.

Nimelifikiria sana neno letu. Viumbe hawa tunawaita wageni, neno lilelile tunalompa shemeji anayeshuka basi na mkungu wa ndizi. Mwanzoni niliona lugha imetupunja. Sasa naona imetuachia kazi ya kufanya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee, kisha kwa kuwa hawakuwa wajinga wakaongeza kwamba siku ya tatu apewe jembe. Winnerden Flats mgeni ndiye aliyegawa majembe. Wenyeji walimwaga zege, walichomelea vyuma, walipaka rangi matangi, na mwisho wa wiki walipokea ujira wao. Nimezipekua methali zetu zote ninazozijua, sijaona inayosema ufanye nini mgeni anapokuwa ndiye anayekulipa mshahara.

Kiwanda changu kilikuwa Dar es Salaam. Jina naliacha. Niliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, karani wa stoo, wakati mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa mojamoja. Neno la siku zile lilikuwa mwekezaji, na tulilitamka kama mkulima anavyotamka mvua. Mwekezaji anakuja. Mwekezaji kaonekana hotelini. Mwekezaji kakagua mashine kasema ni nzima. Siku moja tukakusanywa uwanjani tukaambiwa kwamba ameshafika, na kwamba kwa kweli tulikuwa tukimfanyia kazi tangu miezi mitatu nyuma. Bango la getini halikubadilishwa. Ovaroli zilikuwa zilezile, na harufu ya kantini ileile. Meneja alikuwa yuleyule, isipokuwa alianza kufunga mlango wake.

Sitaki kuisingizia zamani uzuri. Kabla ya hapo kiwanda kilikuwa kinakufa mbele ya macho yetu. Mishahara ilikaa miezi bila kuonekana, na mashine moja iling'olewa vipuri ili nyingine ipone. Mwekezaji alilipa tarehe 28, kila mwezi, bila kukosa. Mke wangu alianza kukuna nazi mbili badala ya moja. Mwanangu wa kwanza akapata viatu vya shule kabla ya shule kufunguliwa. Jambo hili naomba msomaji asilipite haraka, kwa sababu ndilo lililonifunga mdomo. Hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyeniambia nyamaza.

Kisha likaja lori la tangi. Lilitoka usiku, shifti ya mchana inapokabidhiana na ya usiku, wakati ambapo getini pana watu wengi na hakuna anayemtazama mwenzake. Geti pasi yake ilipitia mezani kwangu. Iliandikwa "maji taka", idadi ya lita, namba ya lori, saini mbili kutoka juu. Palikosekana muhuri, na muhuri ulikuwa wangu. Niligonga. Dereva hakuwahi kuzima injini. Lilipopita lilikuwa linaacha harufu ya kukereketa koo, kama betri ya gari inapochemka, na harufu ile ilikaa ofisini mwangu hadi asubuhi.

Lilikwenda wapi sikuuliza. Ila baada ya mwaka hivi, mchicha wa bondeni ulianza kukauka ncha. Majani yanakuwa na kingo za kahawia, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Akina mama waliokuwa wakiulima walisema ni jua, wakasema ni mbegu. Mimi sikusema kitu. Nilibadili mtu wa kuniuzia mboga. Nilianza kununua za kutoka mbali, kwa bei kubwa kidogo, na mke wangu aliponiuliza kwa nini nikamwambia za yule mama zina mchanga. Jirani zangu waliendelea kununua palepale. Tulikuwa tukisalimiana asubuhi na jioni, tukiazimana chumvi, na sikumwambia hata mmoja.

Hiyo ndiyo alama yangu. Sikuijua kwa jina hilo mpaka nilipoiona filamu.

Palikuwa na mzee wa boila, tuliyemwita Babu, ambaye alikuwa pale tangu kiwanda kinajengwa. Jioni moja alikuja dirishani kwangu, mikono imejaa masizi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Nina swali. Lile tangi linakwenda kumwaga wapi?"

"Babu, karatasi imetimia."

"Sijauliza karatasi."

"Saini zipo zote, Babu. Na lita zimeandikwa."

Alinitazama usoni kwa kitambo, kama mtu aliyeangusha sindano, kisha akarudi kwenye boila yake. Katika filamu profesa anakuja kuzoea kuwatazama watu hivyo, kuanzia shavuni hadi viganjani, kabla hajawaambia neno. Babu hakuwa ameiona filamu yoyote. Walipopunguza watu alikuwa katika kundi la kwanza. Siku anaondoka alikuwa na sanduku lake la spana, mali yake mwenyewe, na utaratibu ulitaka geti pasi. Muhuri nikagonga mimi.

Turudi Winnerden Flats, maana kuna mahali ambapo filamu inatulia, na hapo ndipo iliponikamata. Wafanyakazi wamejengewa mji mpya, nyumba safi zilizojipanga, na ukumbi wao wa starehe wenye kinywaji na muziki. Profesa anaingia ukumbini na mwandishi wa habari mmoja mwenye mapenzi na chupa. Anawauliza watu kistaarabu: mnatengeneza nini mle? Muziki unaendelea lakini nyuso zinafungwa. Ukutani kuna mabango ya kuwakumbusha wazuie ndimi zao. Akiwaonyesha jiwe, wanakasirika. Mawe yale wameshayapa jina la kikazi, kama vitu vya kawaida vinavyoruka kutoka kwenye mitambo, na mtu akishakipa kitu jina la kikazi hakimtishi tena. Sisi lile tangi tuliliita "bibi harusi", kwa kuwa lilitoka usiku.

Nilimwomba mpwa wangu airudishe nyuma sehemu ile. Nilitaka kuwaangalia vizuri. Hawana alama, wale. Walinzi wanazo, na wakubwa wa London wanazo. Wapaka rangi na wachomeleaji waliokaa ukumbini ni binadamu wazima, hakuna aliyewaingia. Kilichowakalia ni nyumba mpya na ujira wa wiki.

Hatimaye jiwe linapasua paa la ukumbi wao, linatua katikati ya wanaocheza, na msichana anayewahudumia anapatwa. Walinzi wanaingia na bunduki. Mwandishi wa habari anapigwa risasi akiwa kwenye simu anasomea gazeti lake habari aliyoiona. Ndipo wanaume wale wanapochukua walichokipata wakaandamana hadi kiwandani.

"Wajinga," akasema mpwa wangu. "Mpaka jiwe liangukie kwao!"

Sikumjibu.

Yupo pia mbunge mmoja, Broadhead, ambaye muda mrefu amekuwa akiuliza maswali kuhusu mradi ule. Kwenye ofisi za serikali kila alichoomba kipo: fomu, vibali, mahesabu, saini za watu wanaoheshimika. Faili halina doa. Anapopata nafasi ya kutembelea kiwanda na ujumbe wa wakaguzi, anachopoka kwenye kundi na kwenda kuchungulia ndani ya kuba kwa macho yake. Anatoka amefunikwa mwili mzima na uji mweusi unaomchoma nyama, anashuka ngazi za nje akipepesuka, mkono unateleza kwenye chuma. Hicho ndicho "chakula". Wakaguzi wenzake walikuwa wamesomewa maelezo ya chakula kile. Yeye alikigusa. Nilimwambia mpwa wangu asimamishe kidogo, nikasingizia msalani.

Niliporudi tukaangalia kilichobaki, na kilichobaki ndicho kibaya zaidi. Wafanyakazi wamejifungia kwenye chumba cha mitambo. Profesa anawaonyesha namna ya kusukuma oksijeni iingie kwenye makuba, iwaue wageni. Kipaza sauti kinaanza kusema. Sauti ni tulivu, ya kiofisi: hakuna haja ya vurugu, kama mna mashaka njooni mjionee wenyewe. Profesa anawasihi wasiende. Baadhi wanakwenda, na ukiwatazama unaona si wasaliti. Ni watu wanaopenda mambo yaishe kwa mazungumzo. Baada ya muda mshale wa kupima mgandamizo unapanda. Bomba la oksijeni limeziba. Mtu anatazama juu, na kwenye kiungo cha bomba inadondoka damu. Bomba limezibwa kwa wale waliokwenda kujionea.

Kwetu nasi sauti ya upole ilikuja. Baada ya minong'ono ya mchicha kufika kiwandani, tuliambiwa tuchague wawakilishi watano wakaongee na uongozi. Nilipiga kura. Walirudi na soda mkononi na taarifa kwamba mambo yanashughulikiwa. Wawili wakawa wasimamizi wa shifti, mmoja akahamishiwa tawi la mkoani, wawili walipunguzwa. Sisemi hilo ni sawa na kifo. Nasema kwamba mwaka mzima uliofuata hakuna lalamiko lililopita, kwa kuwa kila lililotaka kupanda lilikuta wale wasimamizi wawili, wenzetu, waliotujua kwa majina na watoto wetu kwa majina.

Kneale aliwaachia wengi mbegu yake. Tarehe 3 Januari 1970 mfululizo wa Doctor Who ulianza kisa kilichoandikwa na Robert Holmes, ambamo kiwanda cha plastiki cha kutengeneza wanasesere kimeingiwa kimyakimya na wageni. Watu hukumbuka masanamu ya dukani yanayotoka madirishani na kupiga watu risasi. Mimi aliyenishika ni fundi mmoja asiye na sehemu kubwa. Amesafiri Marekani kukitafutia kiwanda soko, amerudi na furaha yake, anakuta karakana yake haipo, na mwenye kiwanda, rafiki yake, anamtazama kana kwamba hamjui vizuri. Macho yale nayajua. Babu aliyaona dirishani kwangu.

Mwisho wa Quatermass 2 roketi inarushwa, chimbuko la wageni huko angani linaharibiwa, na wenye alama wanazinduka. Alama zinafutika usoni. Wanasimama wakishangaa kama walioamshwa garini mwisho wa safari. Hapo Kneale na wenzake walinipoteza. Hakuna aliyezinduka kiwandani kwetu akiwa hakumbuki. Mimi nakumbuka namba ya lori. Nakumbuka wino wa muhuri ulikuwa wa zambarau.

Shell Haven waliacha kusafisha mafuta mwaka 1999, na tangu 2013 kuna bandari ya makontena kwenye ardhi ile. Kiwanda chetu nacho kilifungwa, majengo yake sasa ni maghala ya kupangisha. Lori sijui liliishia kwa nani. Bondeni bado wanalima mchicha, na yule mama amemwachia binti yake.

Filamu ilipokwisha mvua ilikuwa imekatika. Mpwa wangu aliniuliza kama nimeipenda. Nikaingia chumbani, nikatoa chini ya godoro kitu ambacho hata mke wangu hajui kipo: kitabu cha vishina vya geti pasi, cha mwaka wangu wa mwisho kazini. Niliondoka nacho ndani ya shati. Sijui nilikusudia nini. Labda ni uoga, nilitaka kuwa na ushahidi kwamba saini za juu hazikuwa zangu. Tulihesabu pamoja mezani, kurasa zimeshikana kwa unyevu. Safari 211.

Basi kama uliwahi kuliendesha lori lile, au ulikuwa tanboi wake, au ulikaa bondeni miaka ile ukalisikia likirudi nyuma usiku kuelekea majini, jitokeze useme lilikuwa likimwaga wapi. Tarehe ninazo mimi.